Uzinduzi wa Kituo cha Kuhakiki Mawazo Yanayopita Kichwani

Mheshimiwa Mlezi wa Kundi, ambaye kwa bahati njema ni shemeji yangu, Mheshimiwa Makamu wa Mlezi, ambaye ni shemeji yangu mwingine, Mama Mwenyekiti, yaani mke wangu, uliyeketi mstari wa mbele ukinitazama kwa jicho la kunitia moyo (Mama Mwenyekiti anatazama saa), Ndugu Fundi Saa, Dada wa Duka la Dawa, Bwana Mkate, wewe ambaye picha yako ni ua jekundu na ambaye hadi leo asubuhi hatukujua tukuite kaka au dada (Kicheko. Mzee mwenye ndevu nyeupe anapunga mkono); ninyi nyote msomao kila kitu na msiojibu chochote; wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye hakuzingatiwa, basi ajizingatie mwenyewe.

Naomba nitumie nafasi hii adhimu, na tena adimu, kuwakaribisha katika ukumbi huu, ambamo kwa mara ya kwanza tunaonana uso kwa uso sisi tuliokuwa tukijuana kwa vidole tu. Kundi letu la Limenipitia Tu, kama jina linavyojieleza, lilianzishwa ili mtu akipitiwa na wazo dogo, la kupita, lisilo na kichwa wala miguu, aliandike kwenye simu, wenzake wacheke, kila mtu aendelee na shughuli zake. Ndugu zangu, ile ilikuwa fujo. Mtu anaamka, hata uso hajanawa, anaandika: hivi kwa nini mtu akionja chumvi ya mchuzi lazima atazame dari? Na watu thelathini wanamjibu, hakuna andiko la mradi, hakuna upembuzi yakinifu, wala hakuna aliyejiuliza dari lenyewe lina maoni gani. (Kicheko.) Mwingine naye anauliza kwa nini watu wakiwa ndani ya lifti husoma zile namba za ghorofa kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Kicheko tena, siku nzima, saa za kazi! Msicheke, hayo ndiyo ninayoyasema.

Ndipo mimi, nikiwa kiongozi mwenye maono, msikivu, mchapakazi, na nisiyependa kujisifu ingawa sifa zenyewe hunifuata hadi nyumbani (Mama Mwenyekiti anakohoa), nikabaini kwamba mawazo haya yanahitaji fremuweki. Nikalifunga kundi, ili mwenye uwezo wa kuandika humo niwe mimi peke yangu, na kila mjumbe mwenye wazo aniletee kwanza mimi, nami nilifikishe kwenye Tume ya Uhakiki, Tume iliangalie kwa mujibu wa hadidu za rejea, likishapigwa muhuri ndipo lirudi kundini likiwa wazo lililokomaa. (Sauti kutoka nyuma: "Mbona halijarudi hata moja?") Nimekusikia, Bwana Mkate. Hata wewe mkate wako huutoi kwenye tanuri ukiwa unga. (Bwana Mkate: "Lakini huwa natoa.")

Tuje kwenye takwimu, maana namba hazina shemeji. Tangu nilifunge kundi, kelele zimepungua kwa asilimia mia moja. Mawazo ambayo hayajahakikiwa yameshuka hadi sifuri. Mawazo yaliyohakikiwa nayo yamebaki kwenye sifuri hiyo hiyo, jambo ambalo wataalamu wa tathmini na ufuatiliaji wangeliita uwiano. (Makofi ya shemeji mmoja.) Aidha, nimeandaa dashibodi itakayomwezesha mjumbe, popote alipo, kuona wazo lake limekwama katika hatua gani ya mchakato, na dashibodi hiyo iko katika hatua za mwisho za kuanza kufikiriwa.

Kabla sijaendelea, yule pale mlangoni aliyesimama na begi naomba aketi. Kumbe ni Dada wa Duka la Dawa! Karibu, dada. Ndugu wajumbe, huyu dada alimwomba mke wangu apewe dakika mbili mwanzoni mwa mkutano atuage, kwa kuwa kazini kwake wamempa hiari, abaki hapa au ahamie tawi la mji wa mbali, na jibu linatakiwa leo. Ameamua kwenda, gari linaondoka mchana huu, na sababu aliyompa mke wangu ni kwamba hapa hana anayemuwazia. Sasa mimi ni mtu wa taratibu. Kuaga kumo kwenye Mengineyo, na Mengineyo huja mwishoni, baada ya hotuba, baada ya neno la shukrani, baada ya picha ya pamoja. (Minong'ono.) Huko kuwaziwa ni suala la ustawi wa watumishi, alipeleke kwa mwajiri.

Niwakumbushe pia Kanuni ya Nne, inayomkataza mjumbe kumfuata mjumbe mwenzake pembeni kwa ujumbe wa faragha, kwa sababu wazo likishapita pembeni takwimu zake tunazipata wapi? Nafahamu kwamba wengi wenu mnaivunja, mnapigiana hadi simu. Lakini nampongeza kwa dhati Ndugu Fundi Saa, mtu mpole, mtiifu, ambaye hajawahi kumfuata mtu pembeni hata siku moja. Simama, fundi, wakuone. (Mwanamume mrefu anasimama, anamtazama mwenye begi, anakaa haraka.) Huyo ndiye mjumbe wa mfano.

Sasa, kwa misingi ya uwazi na uwajibikaji, nitawasomea baadhi ya mawazo yaliyowasilishwa, pamoja na kasoro zake, ili muone kazi iliyopo. Nitaanza na la mjumbe wetu wa mfano, maana hata mtiifu hukosea. Aliniletea wiki ile ile nilipofunga kundi, nami nanukuu: "Hivi mtu akimpenda mtu anayemjua kwa maandishi tu, yule ambaye kila asubuhi humjibu 'hilo nalo lazima uwe umeliwaza wewe', anaanzia wapi?" Mwisho wa kunukuu. (Watu wanageuka kumtazama mwenye begi.) Kasoro: wazo halina bajeti, halitaji eneo la utekelezaji, na walengwa hawajulikani. (Sauti ya mzee wa ua jekundu: "Wanajulikana, bwana. Sote tulikuwa tunasoma yale majibu.") Mzee, tafadhali, fidibaki itapokelewa kwa maandishi.

La pili ni la huyu huyu Dada wa Duka la Dawa, lililonifikia mwezi uliofuata: "Hivi mtu aliyekuwa akituwazia kila asubuhi akinyamaza ghafla, ameacha kuwaza, au ameacha kuniwazia mimi?" Kasoro: maswali mawili ndani ya wazo moja, halafu anaanza na "sisi" anamalizia na "mimi", kisarufi haikubaliki. (Kelele. Viti vinasogezwa. Dada wa Duka la Dawa amejifunika uso kwa kiganja. Fundi Saa amenyoosha mkono juu.) Ndugu Fundi, maswali ni kwenye Mengineyo. (Mkono haushuki.) Na wewe dada, mbona unatoka? Ama gari limefika? Haya, safari njema, kuaga kwako kutaingizwa kwenye muhtasari. (Bwana Mkate: "Fundi, nenda basi." Fundi Saa, mkono bado juu: "Hajaniruhusu.") Mnaona, ndugu zangu? Hiyo ndiyo nidhamu. Sikuruhusu, fundi. Tume bado inalitafakari wazo lako, na haiwezekani mjumbe akatekeleza jambo ambalo Tume haijalipitisha.

Naelekea mwisho. Nikisema "Wazo!", mjibu "Lihakikiwe!" Wazo! (Shemeji mmoja, peke yake: "Lihakikiwe.") Wazo bila muhuri! ("Ni kelele," shemeji huyo huyo.) Kanuni kwanza! (Shemeji naye ameshachoka.)

Kwa namna ya pekee nitoe shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi kwa kutuazima pazia hili zuri, ambalo nyuma yake mtakuta ukuta, kwa kuwa Kituo chenyewe tunakizindua leo ili kesho tuanze kukitafuta. Nawashukuru makamishna wote wa Tume ya Uhakiki, ambao hadi sasa ni mimi, na ambao kwa sababu ya majukumu mengi hatujapata nafasi ya kukutana. (Mama Mwenyekiti: "Baba watoto, waambie tu na lile la kitufe.") Nakuja huko. Namshukuru mkwe wangu, aliyenionyesha kwenye simu kitufe cha kulifunga kundi, kisha akasafiri kabla ya kunionyesha cha kulifungua, na hapo, nikikaa nikitafuta njia ya kulieleza jambo hilo kwa heshima, ndipo maono ya Kituo yaliponijia. Mwenye kukijua hicho kitufe aonane nami baada ya picha ya pamoja.

(Fundi Saa ameshusha mkono. Anapita kati ya viti, anawakanyaga watu miguu bila kuomba radhi, anakimbia.)

Ndugu Fundi! Ndugu Fundi Saa, rudi uketi, wazo lako bado halijaidhinishwa!

(Kutoka nje, sauti ya Dada wa Duka la Dawa: "Limeidhinishwa.")