Sabuni ya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Juni 2019

Idi imepita, Mwanne hajarudi. Nilidhani pilau ya mama yake ikiisha atanikumbuka. Pilau imeisha zamani. Kimya.

Kosa langu lenyewe ni dogo. Tangu Warundi waanze tena kukimbilia huku, mji umejaa mashirika, na watu wa mashirika wanatafuta vyumba usiku na mchana. Nikapangisha chumba chetu cha kulala. Kwa muda tu! Nilikusudia kumwambia Mwanne jioni. Yeye akarudi mchana, akamkuta mwanaume wa Mbeya anapiga pasi suruali juu ya kitanda chake cha harusi. Akafunga mzigo, akaenda kwao Ujiji. Mwanaume wa Mbeya akahama siku hiyohiyo, kwa aibu. Mimi ndiye niliyebaki, na kitanda chenye alama ya pasi.

Leo kaja Pastory, dereva wa shirika, Muha wa Kasulu, mtu pekee asiyecheka upara wangu mbele yangu. Kanibeba hadi Bangwe kwenye semina ya mazingira. Nilifuata chai na chapati. Nimerudi na maisha mapya!

Mwalimu ni dada mmoja wa Arusha, Asnath. Kasema mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku, lakini chupa bado, na chupa za shampuu zinaelea ziwani kama bata. Kisha akatoa kipande cha sabuni ya nywele. Kigumu. Cha mafuta ya asili. Hakina chupa, hakina mfuko, kikiisha kimeisha, hakiachi taka hata chembe. Anatafuta watu wa hapahapa wa kuitengeneza, ili akina mama wakimbizi kambini wapelekewe hiyo badala ya chupa. Nikanyoosha mkono. Nikasema mtu huyo ni mimi. Akauliza kama nimewahi kutengeneza sabuni. Nikasema hapana, ila naanza kesho.

Mwanne akisikia mumewe anafanya kazi na shirika, atarudi mbio. Kikao cha kutupatanisha kimepangwa Jumatatu ijayo kwa baba yake. Nitaingia pale kama mtu mwenye kiwanda.

Jumanne, 11 Juni

Mawese hayatusumbui, hii ni Kigoma. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, nimepata dukani. Nimeongeza majani ya mchaichai kwa harufu na mwarobaini kwa ajili ya chawa. Vyote vya asili! Isipokuwa kostiki, nayo haionekani ikishachanganyika.

Nilitumia sufuria kubwa ya Mwanne, ile ya wali wa shughuli. Nikamimina kostiki na maji. Ikachemka bila moto! Nilifurahi sana, nikajiona nimeokoa kuni. Baadaye nikaona povu jeusi. Kumbe kostiki ilikuwa inaila sufuria. Sasa ukiishika juani unaona ziwa kupitia chini yake. Nimeificha nyuma ya choo.

Nikaanza upya kwenye ndoo. Nimemimina kwenye vikombe vya muuza kahawa, nilivyoazima bila kumweleza kazi yake. Sabuni ina rangi ya chungwa iliyokolea. Inapendeza.

Kuna jambo moja. Asnath alisema sabuni hii lazima ikae mwezi mzima kabla ya kugusa kichwa cha mtu, la sivyo itachoma. Mwezi mzima! Nani atamtunzia mtu mke kwa mwezi mzima? Lakini Asnath ni wa Arusha, jua la kwao ni la kuotea. Jua letu litamaliza kazi kwa siku mbili.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda ufukweni Katonga. Jua kali, nafasi tele, upepo wa ziwa. Shemeji yangu Abeid anaanika dagaa pale, chanja baada ya chanja. Ni kaka yake Mwanne, mtu asiyewahi kukosea tangu azaliwe, na anahakikisha hulisahau hilo. Nikamwomba nafasi kidogo juu ya chanja zake. Akauliza ni sabuni ya nini. Nikamwambia ya nywele. Akanitazama kichwani kwa muda mrefu, kisha akawaita wenzake waje nao watazame.

Akanikumbusha kwamba kazi ya kupima dagaa kwenye mzani bado ipo, ananiwekea, na Mwanne anajua. Nikamwambia mimi si mtu wa mzani. Akasema hilo linaonekana.

Adhuhuri walipokwenda kuswali, nikavipanga vipande vyangu katikati ya dagaa. Niliviweka vizuri, kwa mistari. Kunguru walivichukua viwili, wakavirudisha. Nadhani hiyo ni dalili mbaya, lakini kunguru hana nywele.

Jioni vilikuwa vikavu kama jiwe. Vinanuka dagaa. Si sana! Mchaichai upo, ila uko mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Nimevifukiza udi mpaka usiku huu. Sasa vinanuka dagaa waliokwenda harusini.

Jumamosi, 15 Juni

Nimelala vibaya. Nyumba bila Mwanne imenuna. Hata panya wamehama, hakuna makombo. Asubuhi nikapata wazo, nikaruka kitandani.

Wazo ni mama mkwe. Bi Zuleha ndiye kiongozi wa akina mama mtaani kwao. Akisema kitenge hiki kizuri, kesho Ujiji nzima imekivaa. Akiikubali sabuni yangu, kikao cha Jumatatu kimekwisha kabla hakijaanza.

Najua, najua. Mama mkwe ni heshima. Simpi mkono. Akipita napisha njia na kutazama chini. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona bila mtandio, wala sijui kama ana nywele au hana. Lakini ukweni hakuendwi mikono mitupu, na mimi sina kingine. Nikafunga kipande kimoja kwenye jani la mgomba, bila plastiki hata chembe, nikaenda.

Baba mkwe alikuwa barazani na wazee wawili. Shikamoo zikapita salama. Akafungua jani, akauliza ni nini. Nikasema ni sabuni ya Mama, ya kuoshea nywele. Akauliza tena kama amesikia vizuri. Nikadhani amependezwa, nikaeleza jinsi ya kuipaka: kichwa kiloane kwanza, halafu unasugua taratibu kwa vidole.

Mzee mmoja akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hana mbuzi.

Baba mkwe akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba amekaa duniani miaka mingi, amezika ndugu, ameona vita ng'ambo na wakimbizi wakishuka mitumbwini, lakini hajawahi kuona mkwe anayemfundisha mama mkwe wake kuoga. Nikamwambia si kuoga, Baba, ni kichwa tu. Hapo naye akainuka.

Kutoka ndani nilisikia mtu anacheka. Nadhani alikuwa Mwanne. Mungu wangu, nilivyokumbuka kicheko kile! Nimerudi nyumbani nikilia, nikadanganya watu kuwa ni vumbi.

Jumapili, 16 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimeisha.

Nilikwenda kuomba radhi na kukichukua kipande changu. Kumbe Bi Zuleha alikuwa amekisukuma kando mbele za watu, halafu alfajiri akakichukua mwenyewe, kimyakimya, akaingia nacho bafuni. Maana yake alikipenda! Hilo naliandika ili lisisahaulike.

Nilikuwa langoni, nimeinamisha kichwa kwa adabu, nikipiga hodi. Ukelele ukatoka bafuni. Mlango ukafunguka kwa kishindo, akatoka Bi Zuleha na kanga moja, mtandio hauna, analia kwamba kichwa kinawaka moto. Nikainua macho. Ningefanyaje? Mtu akilia moto unatazama.

Nimeviona vichwa vingi, sijaona kama kile. Mvi zake zote zimegeuka rangi ya mawese. Zimesimama wima, ngumu kama chelewa za fagio. Na paka! Paka watatu nyuma yake, na wa nne anateremka ukutani, wote wanalilia dagaa.

Akaniona. Nikamwona. Mama mkwe na mkwe, jua limeshachomoza, kichwa wazi. Baba mkwe akatoka, akajifunika uso na kofia yake. Abeid akatoka na ndoo ya maji, akamwagia mama yake, kisha yaliyobaki akanimwagia mimi, ingawa mimi sikuwa naungua.

Mwanne alisimama mlangoni. Hakunitukana. Alimfunika mama yake, akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyevunja mtungi wa mwisho. Kikao cha kesho kimefutwa. Nimetembea kutoka Ujiji mpaka nyumbani nikiwa nimelowa, na paka mmoja akanisindikiza.

Jumatatu, 17 Juni

Ilipaswa kuwa siku yangu. Nimebaki na shirika tu, nikajisemea riziki hufunga hapa ikafungua pale. Nikampelekea Asnath vipande vyangu.

Alinipokea vizuri. Akashika kimoja, akakinusa, akafungua dirisha. Akanawa mikono nacho. Povu halikutoka, ila rangi ilitoka. Akauliza nimevikausha kwa muda gani. Nikasema mwezi mzima. Akanikumbusha, kwa upole, kwamba semina yake ilikuwa Jumatatu iliyopita.

Pastory alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Asnath akasema kuwa akina mama wale wamekimbia risasi, wameacha nyumba zao na wengine watoto wao, na jambo la mwisho wanalohitaji ni mtu wa kuwachoma vichwa. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nikamwambia ana haki. Nilimaanisha. Njiani Pastory akaniambia "pole, kaka" zaidi ya mara moja.

Sijala. Kuandika kwenyewe ni tabu.

Jumatano, 19 Juni

Mwanne amekuja! Yeye mwenyewe, peke yake, mchana kweupe.

Hakukaa. Alisimama sebuleni, akapitisha kidole juu ya meza, akaona vumbi. Nikamuuliza hali ya Mama. Akasema nywele zimenyolewa, kichwa kinapona, na mama yake anamcheka yeye kwa kuchagua mume, jambo ambalo ni nafuu kuliko kulia. Baba yake hajacheka bado.

Kisha akasema aliyokuja kuyasema. Amechoka na zawadi zangu na mipango yangu. Kila akigeuka kuna kitu mkononi mwangu, na nyuma ya kile kitu hanioni. Amemwomba baba yake, na baba amekubali kwa shingo upande, mara hii moja tu. Niende Ijumaa baada ya swala, na mzee mmoja. Niombe radhi kwa Baba, nikubali mzani wa Abeid, atafunga mzigo wake turudi wote. Nikiharibu, asinione tena, na talaka ataidai kwa kadhi.

Sharti lake ni moja. Akalirudia akinikazia macho. Niende mikono mitupu.

Mlangoni aligeuka, akasema kanzu yangu haijapigwa pasi. Alisema kama mke! Alipoondoka nilikaa chini palepale, nikalia, na safari hii sikumdanganya mtu.

Alhamisi, 20 Juni

Mzee Feliksi wa jirani, mstaafu wa reli, amekubali kunisindikiza. Yeye ni Mkristo, lakini baba mkwe anamheshimu. Kanipa wosia mmoja: niseme samahani, halafu ninyamaze. Nikamuuliza ninyamaze kwa muda gani. Akasema mpaka nizeeke.

Nimekwenda Katonga kumwambia Abeid naukubali mzani. Akanyoosha mkono, tukashikana. Hakunicheka. Siku ya kwanza tangu nimjue. Vipande vyote vilivyobaki nimevitupa shimoni nyuma ya choo, pamoja na sufuria. Nimejisikia mwepesi, nimelala mchana.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeswali mbele kabisa. Nimeoga, nimepiga pasi kanzu, nimevaa kofia. Mzee Feliksi ananingoja barabarani na fimbo yake. Nimechukua dakika hizi mbili kuandika, maana leo ni siku ambayo mimi, Faridi, nimebadilika, na ni vizuri ibaki kwenye maandishi.

Mikono mitupu. Nimeitazama mara kadhaa. Mitupu kweli! Nitamwonyesha Mwanne yote miwili tangu langoni.

Lakini usingizini jana usiku nilimwona Bi Zuleha na kichwa chake kilichonyolewa, nikaumia moyoni. Mama wa watu! Anahitaji kitu cha kuotesha nywele. Alfajiri nikachanganya mafuta ya mbono, tangawizi na pilipili kidogo, pilipili huamsha ngozi. Yamegandishwa kwa nta ya nyuki, vipande vidogo tu, havina chupa wala taka. Na hamna kostiki ndani! Mtu akisema sijifunzi, nimwonyeshe hapo.

Ukweni kwenda bila chochote ni aibu, Mwanne mwenyewe anajua, alisema vile kwa hasira. Akiona nywele za mama yake zimeota atanishukuru.

Mzee Feliksi anaita. Nakwenda. Kanzu yangu ina mifuko miwili, na Mwanne alitaja mikono tu.