Kwa Afya ya Mbwa Wako

Jumatatu, 3 Machi

Nimepigwa butwaa. Asubuhi, kati ya chai na kipande cha pili cha mkate, shemeji aliweka kikombe chini akatangaza kwamba mama yake mzazi anakuja kuishi hapa. Anafika Jumamosi ya tarehe 15. Atalala chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma ni changu! Nimo humo miaka minne. Godoro limeshashika umbo langu.

Nilimtazama dada. Dada alitazama sukari.

Shemeji akaongeza kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nimelikwepa siku elfu moja na mia nne na ushee. (Anahesabu!) Nikiwa na kazi ya kueleweka kabla ya tarehe 15, atanisafishia stoo niishi. Nisipokuwa nayo, niende kwa kaka mkubwa. Kwa kaka mkubwa! Watoto saba, choo kimoja, na kaka mwenyewe hupuliza filimbi saa kumi na moja alfajiri ili watu wote watoke uani wakafanye mazoezi. Mimi nina miaka arobaini na moja. Magoti yangu hayataki filimbi.

Mchana nikatumwa nimpeleke Meneja kwa daktari wa mifugo. Meneja ni mbwa wa shemeji. Ana tumbo la meneja, mwendo wa meneja, na kazi hafanyi. Yeye hakuna anayemtajia jembe. Daktari, mama mmoja mkavu asiyecheka, alimpandisha kwenye mizani, akasoma, akasoma tena, akaguna. Akasema makombo ya mezani ndiyo yanayommaliza. Apewe biskuti za mboga na karoti, zilizookwa nyumbani, bila chumvi wala sukari. Akalalamika kwamba mbwa wote wa mtaa huu wamenenepa, na hakuna mtu anayewatengenezea kitu cha maana.

Hakuna mtu! Nilirudi nyumbani mbiombio. Meneja nilimbeba njia nusu.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Niliambiwa mboga, nikaweka mboga: mchicha, kabichi, nyanya, pilipili hoho, na vitunguu vitano kwa ajili ya harufu. Dada aliporudi alisimama mlangoni akauliza nani kafiwa, mbona kinapikwa chakula cha watu wengi.

Meneja alinusa biskuti ya kwanza. Akanitazama kama dada anavyonitazama. Akatoka nje. Mbwa huyu amewahi kula soksi!

Nikapeleka sampuli kwa daktari. Akanusa, akapiga ukelele. Yule mama mkavu alipiga ukelele! Kitunguu ni sumu kwa mbwa, alisema, kinaharibu damu yake. Nani kaniambia niweke vitunguu? Nikamjibu ni yeye, alisema mboga. Akasema alisema boga. Boga! Alilitamka mara tatu, kila mara polepole zaidi, mpaka mwenye mbuzi aliyekuwa kwenye foleni akaanza kunionea huruma.

Herufi moja tu, na ningemuua mbwa wa shemeji. Nimeapa kwamba kuanzia leo kila neno nitalisoma mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Boga nimelichemsha kwa mvuke, nikaliponda. Karoti nimezikwaruza. Unga wa shayiri, yai moja, basi. Nikaukanda, nikausukuma, nikakata maumbo ya mfupa kwa kisu. Yametoka kama kandambili, lakini mbwa hajali umbo. Oveni moto mdogo, saa nzima na nusu, mpaka zikauke na kulia ka! zikivunjwa.

Meneja alikula kumi na moja. Akakaa chini mwenyewe kuomba ya kumi na mbili. Sijawahi kuona Meneja akijituma.

Dada alipita, akachukua moja bila kuuliza, akatafuna, akasema si mbaya, zinataka chai tu. Akaondoka kabla sijafungua mdomo. Daktari naye amezikagua na kuzipitisha. Anasema Jumamosi naweza kuziweka kwenye kaunta yake. Stoo ni yangu! Kilichobaki ni lebo.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaani mchapaji ni mmoja tu, na bahati yangu iko hivyo: ni mwalimu wangu wa Kiswahili wa zamani. Amestaafu, akafungua kibanda cha uchapaji, lakini kalamu nyekundu hajastaafu nayo. Huwasahihisha mpaka wateja wanaoleta kadi za harusi. Mimi hanisahau. Darasa la tano niliandika barua ya kuomba ruhusa iliyoanza: "Kwako Mbwa Mwalimu Mkuu." Aliisoma mbele ya shule nzima. Nilikosa ruhusa, na jina la utani likanifuata hadi darasa la saba.

Leo nimemkomesha. Nimempelekea maandishi safi yasiyo na kosa hata moja. Nayanakili hapa yabaki kwenye historia:

BISKUTI ZA BOGA NA KAROTI. Kwa afya ya mbwa wako. Mbwa mzito hupungua. Mbwa mkali hupoa. Mbwa mzururaji hutulia nyumbani. Hapigi kelele usiku. Huondoa harufu ya mdomo. Mpe mbili asubuhi, mbili jioni. Akae chini kwanza. Akitii, mpapase kichwa.

Alisoma. Akainua miwani, akanitazama kwa huruma. Akasoma tena. Akasema kwa upole, upole ambao hakuwahi kunionyesha darasani, niende nikapumzike, yeye atayaweka sawa. Nikamwonya asiguse hata nukta. Akatabasamu. Nadhani ilikuwa ni kushindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Sina maneno! Lebo nilizipata asubuhi, zimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Nilizibandika mbiombio bila kusoma. Niliyeandika ni mimi, nisome nini?

Kwa daktari nikakuta kufuli. Ameitwa kuzalisha ng'ombe. Nilitaka kulia. Nikaweka meza mbele ya saluni, hapo jirani, nikiwa nimekata tamaa kabisa.

Mwanamke wa kwanza alichukua mfuko, akasoma, akashika kifua. Akaingia saluni. Wakatoka wote, wengine na dawa kichwani! Hata saa sita haijafika, meza ikawa nyeupe.

Sikujua kina mama wanapenda mbwa kiasi hiki. Mke wa fundi bomba alichukua mifuko minne. Nikamuuliza anao wangapi. Akanikata jicho, akasema anaye mmoja tu, lakini mkubwa. Mwingine aliuliza kama kweli ni lazima akae chini kwanza. Nikamwambia ni lazima, na asimlegezee, akilegeza siku moja tu kazi yote imeharibika. Mwingine akasema wake humfokea hata mama yake mzazi, afanyeje? Nikamshauri mama akija, amfungie nje. Alinishukuru machozi yakimlengalenga.

Bibi mmoja aliuliza kama zinamfaa aliyezeeka. Wake ana miaka sitini na miwili. Sitini na miwili! Nilishikilia meza. Nikampongeza kwa matunzo.

Jumanne, 11 Machi

Mambo ya ajabu yanatokea humu ndani. Biskuti zinapungua kwenye kopo la jikoni. Nimemshuku Meneja, nimemfunga kamba, na bado zinapungua.

La ajabu zaidi ni shemeji. Kwa kawaida akitoka kazini hupitia sehemu sehemu, na hufika akitafuta ugomvi. Siku hizi anafika saa kumi na moja na nusu. Anakaa. Anatulia. Mkanda ameuvuta tundu moja ndani. Jana alinisalimia kabla sijamsalimia, nikadondosha sahani.

Leo akanishtua kuliko siku zote. Alisema amesikia sifa za biskuti zangu mtaani, na mtu mwenye kazi ni mtu. Kesho stoo inasafishwa! Kaka mkubwa atampulizia filimbi mwingine. Nilimkumbatia. Hakunisukuma. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, akimpapasa kichwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwisha.

Saa kumi na mbili jioni geti likagongwa kama la kuvunjwa. Wanaume sita. Mbele yao fundi bomba, jitu lenye mabega ya kabati, mkononi ana mfuko wangu. Akanguruma kwamba nimewauzia wake zao limbwata, dawa ya kuwafunga waume. Siku ya tano sasa hapewi chakula mpaka akae chini. Akishakaa, anapapaswa kichwa. Na kibaya zaidi, alisema huku sauti ikimkatika, ameanza kuizoea.

Nikawaambia hiyo ni akili ya wake zao, lebo yangu iko wazi, wasome. Fundi bomba akanibandika mfuko puani. Nikasoma. Kwa mara ya kwanza, nikasoma.

Kwa afya ya BWANA wako. Bwana mzito hupungua. Bwana mkali hupoa. Bwana mzururaji hutulia nyumbani.

Maskini yule wa miaka sitini na miwili!

Wakati huohuo shemeji akatoka kuuliza kelele za nini. Alikuwa anatafuna. Nikausikia mlio. Ka! Mlio huo naujua, nimeutengeneza mimi. Nyuma yake dada, ameshika kopo, ananikonyeza ninyamaze.

Ningenyamaza! Mtu yeyote angenyamaza! Lakini niliona sifa ya biashara yangu inachafuka, nikapaza sauti mtaa mzima ukasikia. Ndugu zangu, nikasema, hapa hakuna limbwata. Hizi ni za mbwa!

Shemeji akaacha kutafuna. Mfuko ukachakarika mkononi mwa fundi bomba. Meneja, aliposikia mchakariko, akakaa chini. Na fundi bomba, naapa, magoti yalianza kumkunjika kabla hajajikamata.

Mwalimu akaitwa. Alikuja na kalamu nyekundu mfukoni, bila woga. Akasema ndiyo, alisahihisha, tena bure, maana tangu darasa la tano mtu huyu hajui tofauti ya mbwa na bwana, na hakutaka niaibike mara ya pili. Wakamuuliza hayo ya kukaa chini na kupapaswa hakuyashangaa? Akasema aliyashangaa, lakini ndoa za siku hizi yeye hazielewi.

Ilibidi daktari aje kuwahakikishia kwamba ni boga na karoti tu, hata mtoto anaweza kula. Wakaondoka wakinung'unika. Daktari alipofika getini mabega yalikuwa yanamtikisika. Alikuwa anacheka, yule!

Shemeji aliniambia neno moja tu: Jumamosi. Stoo imefungwa tena. Nina aibu, na nina hofu ya filimbi.

Jumamosi, 15 Machi

Makubwa haya! Asubuhi nilikuwa nimeshafunga begi. Dada alinipa kanga yake moja nifunikie begi, analia, nami nikalia. Nikakaa kwenye godoro langu kwa mara ya mwisho.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji. Akaurudisha taratibu, akasikiliza kama kuna mtu ukumbini. Akasema suruali zote zinamwingia. Akasema tumbo halimchomi. Akatazama ukuta. Akauliza kama kuna zilizobaki. Kabla sijamjibu, akavuta kigoda, akakaa chini.

Nikampa mbili. Sikuthubutu kumpapasa.

Basi, nimehamia stoo, pamoja na Meneja. Masharti matatu. Kopo lisikauke. Mtu asijue. Na mimi nisimuuzie wala nisimpe mtu yeyote kitu chochote nilichobuni, maisha yangu yote. Nimeapa kwa mikono miwili. Nimepata funzo, nalikiri hapa kwa maandishi: hila zimeisha, sasa ni utulivu.

Mama mzazi wa shemeji amefika saa nane. Mama mtanashati, ananukia vizuri, kila kitu amekipanga kwenye meza ya kioo: kitana, poda, vikopo vya mafuta. Na amekuja na paka! Mwembamba, manyoya yamefifia. Nilishtuka nilivyomwona. Paka wote wa mtaa huu, nikikumbuka vizuri, wako hivyohivyo. Na hakuna mtu anayewatengenezea kitu!

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimechemsha samaki, nimemponda na ini mpaka amelainika kama malai, nimemjaza kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya kujipaka, kisafi kabisa. Kosa la mwanzo lilikuwa maneno mengi na mwalimu katikati. Safari hii sitaki mchapaji. Nimeandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, neno ambalo hakuna binadamu anayeweza kulikosea: PAKA. Chini yake nimeongeza: Asubuhi na jioni. Hung'arisha.

Nimelisoma mara mbili, kama nilivyoapa. Halina kosa.

Cha kwanza ni zawadi, siyo biashara, kwa hiyo kiapo hakijaguswa sana. Nimekiweka kimyakimya kwenye meza yake ya kioo, kando ya kitana. Atakiona kesho asubuhi, akijiandaa kwenda kuwasalimia majirani.