Mbadala wa Mgeni Rasmi

Idara ya Burudani Tulivu ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia sasa hakuna mchezo wa kuigiza utakaoanza kabla mgeni rasmi hajaketi. Utafiti wa kina ulikuwa umethibitisha kwamba wananchi wasio na mgeni rasmi hucheka ovyo, bila mwelekeo. Mgeni akishaketi, mlango ufungwe, asiingie mtu. Na kundi litakaloshindwa kufungua mchezo siku iliyopangwa, ukumbi wake utageuzwa ghala la viti vibovu vya Idara, maana viti navyo vina haki ya kupumzika.

Amri nzuri, nani abishe? Shangazi, meneja wa kundi, hakubisha. Yeye ndiye aliyewatafutia waigizaji mahali pa kulala, akawaamua waliogombea kioo cha kujipodolea, akamkanda aliyeteguka mguu. Zaidi ya yote, alihakikisha hakuna nafasi inayobaki wazi: mwigizaji akiugua, mbadala huingia. Mbadala wa wote alikuwa Akiba, aliyejua maneno ya kila mtu na hajawahi kupanda jukwaani hata mara moja, kwa kuwa kundi lile lilikuwa na afya ya kuudhi. Kila asubuhi alipita kuwajulia hali.

"Umeamkaje, kaka? Sauti haijakauka?"

"Buheri wa afya, ndugu yangu."

"Ah," husema Akiba, uso umemshuka. "Tumshukuru Mungu."

Siku ya ufunguzi watu walijaa pomoni, ila kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Shangazi akampigia simu katibu muhtasi wa Mkurugenzi wa Idara, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi.

"Mheshimiwa yuko njiani."

"Njia ipi, mwanangu?"

"Njiani tu, Mama. Amepitia kuzindua geti."

Watazamaji walianza kupiga miguu sakafuni. Shangazi aliwatazama vijana wake, wamepakwa rangi, wamejipanga nyuma ya pazia, na moyo ukamuuma. Ukumbi ukiwa ghala, hawa watakwenda wapi? Akaingia chumba cha mavazi, akatoka na suti pana na miwani myeusi. Sura ya Mkurugenzi hakuna aliyeijua vizuri. Watu walijua suti, miwani na kikohozi.

"Akiba, vaa. Leo unaingia."

Machozi yalimlengalenga. "Nani kaugua?"

"Mgeni rasmi."

"Maneno yangu yapi, Shangazi?"

"Huna maneno. Kohoa, tazama saa. Wengine wakicheka, wewe angalia kwanza kulia na kushoto, ndipo ucheke."

Akiba akaketi, mlango ukafungwa, mchezo ukaanza. Mkurugenzi mwenyewe alifika watu wakiwa wameshika mbavu. Bawabu akamzuia kwa heshima zote.

"Mgeni rasmi ameshaketi, mzee. Ni amri ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi!"

"Hata yule alisema hivyo hivyo. Ila yeye aliwahi."

Mchezo ulipokwisha, mshereheshaji akamwita mgeni rasmi aseme machache, redio ikirusha moja kwa moja. Shangazi akashika kichwa. Akiba alikuwa amelisubiri jukwaa hili miaka nenda miaka rudi, na hakuwa mtu wa kuliacha lipite.

"Paa hili linavuja," alisema kwa sauti ya Mkurugenzi, kikohozi na yote. "Litaezekwa. Na ukumbi huu hautakuwa ghala kamwe. Asanteni."

Akaketi. Hotuba fupi namna ile haikuwahi kusikika. Wengine walidhani umeme umekatika. Kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Asubuhi Shangazi aliitwa ofisini.

"Umeniwekea mtu bandia!" Mkurugenzi alifoka. "Nitakuweka ndani!"

"Mheshimiwa, asiyefika huwekewa mbadala. Ndiyo kazi yangu."

Simu ikalia. Alikuwa mkubwa wake, na Mkurugenzi akasimama wima.

"Ndiyo, mkubwa... Redioni?... Ndiyo, ni mimi... Paa? Litaezekwa, mkubwa... Kila hafla? Fupi vilevile?... Nitajitahidi."

Akaweka simu taratibu, akajifuta jasho.

"Huyo kijana wako," aliuliza kwa sauti ya chini, "wiki ijayo ana nafasi?"

"Anayo. Ila kwa utaratibu wetu, naye lazima awe na mbadala."

Paa likaezekwa. Idara inaendelea vizuri kuliko wakati wowote, na hotuba zake zinasifiwa kila mahali. Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, Mkurugenzi hupitia ukumbini.

"Umeamkaje, Akiba? Sauti haijakauka?"

"Buheri wa afya, mzee."

"Ah," husema Mkurugenzi. "Tumshukuru Mungu."