Tovuti ya Mama Mwanvua na Benchi Lake

Kasuku, Kindu

Kwako Papa Kambale, Mwenyekiti wa chama chetu cha wachuuzi,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Ni akili ndiyo inayonipa wasiwasi. Mimi ni Rodrigue, fundi wa tovuti, kijana yuleyule uliyempeleka kwa mkono wako dukani kwa Mama Mwanvua ukisema, “Huyu mutoto anajua mashini, wewe Mama unajua biashara, mutasikilizana.” Kweli tunasikilizana: yeye anasema, mimi nasikiliza. Naomba chama kiingilie kati kabla sijaitupa kazi hii nikaendesha pikipiki.

Unajua kwamba Mama huyu anauza mafuta ya mawese, mchele wa kutoka Tunda na vitenge, na kwamba wateja wake wengi ni wachimba dhahabu wa kule machimboni Kama. Alitaka tovuti ili waagize huko huko na pikipiki iwapelekee mzigo. Hilo ni ombi la mtu mwenye akili timamu. Lakini unajua pia kwamba miaka ile ya vita, njia zote zilipofungwa, yeye ndiye aliyekuwa na foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Watu walikuja, wakaketi kwenye benchi lake, wakangoja kuitwa. Foni ilikufa zamani. Benchi lipo. Na kila anachoniomba nikiweke kwenye tovuti, anakitoa kwenye benchi hilo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Salamu. Nilimwonyesha tovuti yake ya kwanza, nzuri, vitenge vikiwaka rangi ukurasa mzima. Akatazama, akasema, “Muntu anaingia kwa duka bila kusalimia? Hii site haina adabu.” Nikatumia ubunifu: nikaweka swali, “Habari za nyumbani?”, na kitufe cha kujibu “Nzuri”. Akauliza, na yule ambaye habari zake si nzuri abonyeze wapi? Nikaweka kitufe cha pili. Tangu siku hiyo wachimbaji wa Kama wanabonyeza cha pili tu, kisha wanaeleza: shimo limejaa maji, malaria imerudi, mke amekasirika. Mama anawajibu mmoja mmoja. Mtu anaingia kutafuta mafuta, anatoka na dawa ya kikohozi. Hata mimi mwenyewe Mama huniuliza habari za nyumbani kila asubuhi, nami hujibu “nzuri” haraka haraka ili tuingie kazini.

2. Bei. Amekataza bei isionekane, kwa sababu eti kuonyesha bei ni kumfukuza mteja. Basi nikaifundisha mashine ijibu neno moja kwa kila bei anayotaja mteja: “Ongeza kidogo.” Haijui lingine. Kuna mchimbaji mmoja, Octave, aliyebishana nayo asubuhi nzima, kisha akatuandikia kumshukuru huyo muuzaji wetu mwenye subira.

3. Zamu. Hapa ndipo nilipoanza kukonda. Kwenye foni watu wawili hawawezi kusema pamoja: mmoja anasema, akimaliza anasema “à vous”, yaani zamu ni yako, kisha anaachia kitufe ili mwenzake ajibu. Wengine wote wananyamaza. Mama anataka hivyo hivyo. Mtu akishauliza jambo, tovuti nzima isimame, Kama yote ingoje, mpaka aliyeulizwa ajibu. Nilimweleza kwamba tovuti iliundwa ili watu elfu waingie pamoja. Akasema, “Elfu wakisema pamoja, nani anasikia?” Kwa kuwa maji nilishayavulia nguo, nikamtengenezea zamu yake, ila nikaficha hila ndani: jibu likichelewa, zamu inapita yenyewe kwa mwingine. Aliigundua. Hakunifokea, Papa Kambale, ningefurahi angenifokea. Alisema tu, “Umemukata muntu maneno mu kinywa,” akanigeuzia mgongo. Hila nimeiacha palepale, kwa usalama wa biashara yake.

4. Neno la siri. Amelikataa. “Siri ya nini? Jirani asipoijua, nani atapokea kama mimi siko?” Maana foni ilikuwa na desturi yake: ukiitwa usipatikane, yeyote aliyeketi kwenye benchi alisema “napokea kwa niaba yake”, na akishasema hivyo, ni juu yake kukutafuta mpaka ujumbe ufike. Basi tovuti yetu ina kitufe cha “Napokea kwa niaba”. Wenzangu wa kazi nikiwaeleza hili wanadhani nimelewa.

5. Walioitwa. Mama anakumbuka kila mtu aliyeitwa kwenye foni miaka ile asipatikane, na maneno aliyoachiwa. Watu walikuwa wamekimbilia porini, na siku hizo benchi lilikuwa tupu, hakuna wa kupokea kwa niaba. Amechukua simu yangu, akaketi nayo peke yake kwenye benchi, akarekodi majina na maneno yao yote, na anataka kila anayefungua tovuti asikie ujumbe mmoja kwa sauti ya Mama kabla ya kuona mchele. Nimeziweka sauti zote bila kuzisikiliza, sauti ya simu nimeizima, kama fundi yeyote anayejiheshimu. Nilimwuliza kwa nini hayaachi hayo. Akajibu, “Mwenye kuitwa hajaitika. Sasa mimi nizime namna gani?”

Sisemi haya kwa ukosefu wa huruma. Baba yangu mwenyewe aliondoka miaka hiyo ya kukosa chumvi akisukuma baiskeli kwenda Kama, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Mama yangu anasema hadi leo kwamba aliondoka bila neno. Alimngoja, kisha akauza cherehani yake tukala. Tumeishi ng'ambo ya mto, bila neno, na hatujamwomba mtu yeyote atujengee ukurasa.

Kwa hiyo naomba chama kiamue yafuatayo: kwanza, mteja yeyote afanye mtihani kabla ya kuruhusiwa kutaka kitu. Pili, Mama Mwanvua azuiwe kuingia kwenye tovuti yake. Tatu, benchi lile lipasuliwe kuni. Na nne, chama kimwandikie rasmi, kwa muhuri, kwamba vita vile vilikwisha, ili aache kuita watu.

Nakuaga kwa heshima zote anazostahili mtu aliyeniingiza matatani. Nisalimie Mama Jeanine na watoto, wapakiaji wako, mlinzi wako, na mbuzi wako aliyekula waya zangu, simdai.

Wako katika chama,
Rodrigue, fundi wa tovuti

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari mfukoni Yusufu alipovuka mto kunitafuta, yule wa pikipiki anayepeleka mizigo Kama. Alifungua tovuti aone mzigo wa kesho, akasikia sauti, akabonyeza “Napokea kwa niaba”, na tangu hapo akawa anauliza mtaa kwa mtaa yuko wapi Sandrine, mke wa Ferdinand, mpaka akaelekezwa kwangu. Sandrine ni mama yangu. Ujumbe ni huu: “Sandrine, niko Kama, niko muzima. Usiuzishe cherehani. Nakuya na chumvi. À vous.”

Nilimvusha mama. Ameketi kwenye benchi, na Mama Mwanvua akamrudia maneno yote kama yalivyoingia. Kisha akanitazama, akaniuliza tena habari za nyumbani. Safari hii nilimjibu.

Mama yangu aliuliza kama ni lazima ajibu. Akaambiwa ndiyo desturi ya foni. Akashika simu yangu kwa mikono miwili, akajibu humo tovutini: “Ferdinand, nimepokea. Cherehani niliuzisha. Mutoto amekuwa mukubwa. Chumvi sasa iko. À vous.”

Ile hila ya kupitisha zamu nimeiondoa mwenyewe. Tovuti imesimama tangu jana, haiuzi wala haisalimu. Octave na wenzake wa Kama wavumilie, na wewe Papa Kambale usitume fundi mwingine, usitume muhuri, na benchi liongezwe urefu. Nimeketi hapa na mama, na mtu asiguse kitu. Ni zamu ya baba.