Mbio Zangu za Kuwa wa Mwisho

Jumamosi, 3 Juni 1950

Nafasi ya tisini. Tuko tisini na mmoja. Aibu iliyoje! Mtu mmoja tu yuko nyuma yangu, naye ni Nello Pancrazi wa Toskana, mwenye miguu ya korongo na bahati ya mwizi.

Niandike vizuri, ili hata nikizeeka nikisoma haya niielewe hasira yangu. Katika mbio za baiskeli za Mzunguko wa Italia, anayeongoza huvaa fulana ya waridi. Anayeburuta mkia huvaa nyeusi. Na huyo wa nyeusi hupendwa jamani! Akina mama humtupia soseji za salami, mapadri humbariki, magazeti humpiga picha. Wa tisini havai kitu ila jasho lake.

Mimi nalihitaji gazeti. Jana mkuu wa timu, Bwana Tranquillo Ghezzi, alinipa ukweli wangu: miaka sita namchotea maji nahodha wetu Corsini, na jina langu halijaandikwa popote hata kwa makosa. Likitoka gazetini kabla hatujafika Milano, mkataba upo. Lisipotoka, nirudi kiwanda cha sukari nikapakue viazi sukari. Nikamkumbusha kwamba nina miaka thelathini na moja. Akasema viazi havichagui umri.

Basi leo nilijitobolea tairi kwa msumari wangu mwenyewe, mahali patupu, hakuna hata nyumba. Nikakaa kivulini. Nikatoa mkate. Mara ikatokea harusi nzima! Na bwana harusi ni fundi baiskeli. Pancha ilizibwa kabla sijameza tonge la pili. Halafu wakanisukuma mlima wote, bibi harusi na shela lake, huku wanaimba. Sasa Nello yuko nyuma yangu dakika tatu na nusu. Acha acheke.

Jumapili, 4 Juni

Nilikuwa na mpango.

Sisi wachota maji tuna desturi yetu. Kundi likipita mbele ya baa, tunaruka chini, tunavamia, tunabeba chupa, tunatoka mbio. Mwenye baa hupiga kelele, kisha huwasimulia wateja mwaka mzima. Leo niliingia kama wenzangu. Tofauti ni kwamba sikutoka.

Nikaenda chumba cha nyuma, pazuri, pana ubaridi. Nikafungua mlango. Nani yuko mezani anacheza karata na paroko? Pancrazi! Kitambaa shingoni, sahani ya tambi mbele yake. Akanikaribisha kwa adabu zote. "Karibu, Zerbinati, keti. Au una haraka?" Nikamjibu sina haraka hata chembe, haraka haraka haina baraka. Paroko akasema amina.

Tukakaa. Yeye anatazama saa, mimi natazama saa. Ujanja wote uko hapo: ukichelewa kidogo unabaki wa tisini, ukichelewa mno waamuzi wanakufukuza mashindanoni. Akaagiza jibini. Nikaagiza jibini. Akaenda msalani, nikamfuata, nikasimama mlangoni. Mwishowe paroko ndiye aliyetutoa nje, kwa sababu alikuwa anashindwa karata na hakupenda.

Tukafika pamoja hadi hatua tatu kabla ya mstari. Hapo tukasimama. Nello akainama kufunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Mimi nikakagua mnyororo, pete moja moja. Tukaambiana, pita wewe. Hapana bwana, wewe ni mkubwa wangu. Mwamuzi alipuliza filimbi mpaka akaiva uso, kisha akatusukuma wote wawili kwa mkupuo. Muda sawa!

Corsini alingoja maji kilomita arobaini. Maneno ya Bwana Tranquillo siyaandiki. Shajara hii mama ataisoma nikifa.

Jumatatu, 5 Juni

Milima. Mvua ya mawe. Leo sikufanya hila yoyote. Nilichelewa kwa uwezo wangu mwenyewe, kwa uaminifu. Nello akachelewa zaidi. Ana kipaji, lazima nikubali.

Jumanne, 6 Juni

Mapumziko. Nimelala, nimeoga, nimepata wazo. Mungu wangu, wazo gani hili!

Keshokutwa njia inapita kijijini kwetu, Fossabella, kilomita ishirini na mbili kabla ya mwisho pale Ferrara. Na sisi waendesha baiskeli tuna heshima zetu: mtu akipitia kwao, kundi zima humwachia atangulie dakika chache akambusu mama yake. Hakuna anayemfukuza. Kumfukuza ni utovu wa adabu.

Mimi nitatangulia. Nitambusu mama. Kisha nitaingia banda la mabata bukini nyuma ya nyumba, kimya! Kundi litapita. Nello naye atapita, akiamini niko mbele, na ataenda Ferrara kwa raha zake. Mimi nitakula samaki wa kukaanga, nitalala nusu saa, ndipo nitajitokeza. Fulana yangu!

Nimempelekea mama telegramu: "Alhamisi nakuja mbele peke yangu. Fungua banda. Usimwambie mtu." Mama anajua kutunza siri. Karani wa posta pale ni binamu yake, kwa hiyo mambo yamebaki ndani ya familia.

Jumatano, 7 Juni

Nimeomba ruhusa kwa wakubwa wa kundi. Wamekubali. Corsini kanipiga bega, kasema nimsalimie mama, na nisirudi bila maji.

Jioni Nello akaja chumbani. Nikadhani amenusa kitu. Wapi! Ameleta salami ya nguruwe mwitu. "Mpe bi mkubwa, mwambie imetoka kwa adui wa mwanawe." Niliona haya. Haya zenyewe zilikaa kama dakika mbili hivi. Salami ni tamu kwelikweli.

Alhamisi, 8 Juni

Siku ya msiba! Siku ya... sijui niiteje.

Kundi likanifungulia njia kama tulivyokubaliana. Nikavuka reli ya Fossabella peke yangu, napunga mkono. Mlinzi wa kizuizi pale ni Mjomba Fiorindo, kaka yake mama. Nikasikia kizuizi kinashuka nyuma yangu. Sikujali.

Nikakata kona. Mama yangu! Bendi. Bendera. Meya, wanafunzi, wauza samaki, wote wamejipanga. Yule binamu wa posta ndiye anayepiga ngoma. Na katikati ya barabara amesimama Mama Argia mwenyewe, mwiko wa kusongea polenta, ugali wa kwetu, mkononi, machozi mpaka kidevuni.

Nikashuka, nikambusu, nikamnong'oneza: mama, banda. Akauliza banda la nini. Nikamweleza mpango wote sikioni. Akarudi nyuma hatua moja, akanitazama. Akasema miaka thelathini na moja watu wanamwambia mwanao wa nyuma, nyuma darasani, nyuma kanisani, nyuma hata kwenye foleni ya kazi. Leo kamwona mbele kwa macho yake mawili, halafu huyo mwana anataka kwenda kujificha na mabata? "Panda hiyo baiskeli, Ottorino! Panda kabla sijakusonga wewe!"

Nikasema nina njaa. Nikala mwiko mmoja wa makalio. Kijiji kizima kikanisukuma hadi daraja la mwisho.

Si kitu, nikajisemea, kundi litanikuta sasa hivi. Nikageuka. Hamna mtu. Kilomita tano, hamna mtu. Nikaenda pole pole kabisa, mpaka mkokoteni wa nyasi ukanipita. Hamna mtu! Kumbe Mjomba Fiorindo kawafungia wote nyuma ya kizuizi: Corsini, fulana ya waridi, Nello, waamuzi na magari yao. Amewaambia kanuni ni kanuni, treni inakuja. Na kweli ilikuwa inakuja. Ila ilikuwa bado haijatoka kituo cha Rovigo, mbali huko.

Nikaona shamba la viazi sukari, nikaacha barabara nikajilaze humo. Lilikuwa na akina mama wanaopalilia. Wakanizingira. Mmoja akanitambua, tulipakua viazi pamoja kiwandani, kabla sijaanza hii kazi. Akaniinua kwa ukosi, akanirudisha kwenye baiskeli. "Kimbia, Ottorino! Huku kwetu usirudi!"

Nikakimbia. Sijui ni kwa nini. Ni miguu tu.

Nimeshinda. Dakika kumi na tisa mbele ya kila mtu. Uwanja mzima ulinguruma, nikapewa maua, nikalia kama mtoto. Nilifurahi. Naliandika hapa mara moja tu, sitalirudia.

Baadaye nikatazama orodha. Nafasi ya sabini na tatu! Nimekwisha.

Ijumaa, 9 Juni

Magazeti yote, ukurasa wa kwanza. Picha kubwa ya mama na mwiko hewani. Mimi naonekana mguu mmoja, pembeni. Lakini jina lipo, tena limeandikwa sawasawa.

Bwana Tranquillo kanikumbatia mbele za watu. Mkataba, miaka miwili! Ati siku zote alijua nina kitu. Nikamuuliza kama mtu anaweza kupewa fulana nyeusi kwa heshima tu. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa natania.

Nello naye alikuja kunibusu mashavu yote mawili. Anasema hajapata kuona rafiki wa kujitoa namna hii. Nikamwambia asijali.

Jumanne, 13 Juni

Milano. Tumemaliza. Nello kazunguka uwanja na fulana nyeusi, watu wote wamesimama, wakampa nguruwe mchanga mwenye utepe shingoni. Nguruwe! Mimi nimepewa saa ya mezani. Nilimtazama yule nguruwe kwa muda mrefu.

Mama alikuja kwa treni pamoja na Mjomba Fiorindo. Mjomba kapewa barua ya onyo kazini. Ameitia kwenye fremu. Na nani mwingine? Shangazi Elvezia, dada yake marehemu baba, anayekaa Bobbio huko vilimani. Yeye na mama hawakusemezana miaka kumi na moja kwa ajili ya bata mmoja. Ile picha ya gazetini ndiyo iliyowapatanisha. Wamekumbatiana, wamelia, wamekaa benchi moja wakinong'ona na kunitazama. Nimefurahi sana. Familia ni kitu kizuri.

Mwaka huu nimejifunza mengi. Kosa langu lilikuwa moja, kujificha kwa mama. Mama huwezi kumpangia. Sasa wanasema mwakani njia itapita Bobbio, mlangoni kabisa kwa shangazi, naye ana zizi la punda lisilo na dirisha. Shangazi hajui hata baiskeli ina magurudumu mangapi. Nikamwambia mpango wote pale kituoni, kabla treni yao haijaondoka, nikamsihi asimwambie mtu.

Akanishika mikono yote miwili, akaniambia niwe na amani, siri hiyo atamwambia mama peke yake. Basi mambo yamebaki ndani ya familia.