Chumvi ya Bi Deolinda

Jumatatu, 6 Novemba

Mgahawa mpya wa ishirini na tatu tangu Machi. Utumbo mgumu kama soli! Nimetafuna wote, nikaomba kumpongeza mpishi. Akatoka mwanamume mwenye ndevu. Siye.

Dada yangu Felismina anauliza nazunguka Porto nzima nikitafuta nini. Nikamjibu kwamba nagundua migahawa mipya, ni kipaji. Klabu yetu ya karata ina orodha ukutani: nani kagundua mingapi. Mimi ni wa pili. Wa kwanza ni Abílio, kinyozi mstaafu, ana ishirini na sita. Yule hata uji wa hospitali ataulamba na kuusifu.

Felismina akasema kama namtafuta Bi Deolinda nimwambie, anamjua binamu yake, ni simu moja tu. Nikaruka! Nani kamtaja Bi Deolinda? Nina heshima zangu.

Kwa kumbukumbu tu. Bi Deolinda alikuwa na mgahawa mtaani kwetu. Miaka kumi na moja nilikula kwake kila Alhamisi, siku ya utumbo na maharagwe, meza iliyo mbele ya dirisha la jikoni. Nikimaliza, naandika kwenye karatasi iliyotandikwa mezani: "Chumvi kidogo ingefaa." Naye anatoka, anasoma, anatikisa kichwa, anarudi zake jikoni. Zile dakika mbili ndizo nilizokuwa nazifuata. Machi jengo likauzwa kuwa nyumba ya kulala watalii. Nasikia sasa anampikia mtu katika mgahawa mpya. Upi? Hakuna ajuaye.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango mpya. Nisingoje mpishi atoke, niitiwe! Nimeingia mgahawa mmoja kule mtoni, nikavaa miwani ya kusomea, nikasema mimi ni mwandishi wa gazeti, naandika habari za vyakula. Heshima niliyopewa! Sahani saba, kila moja na povu katikati. Na utumbo pia, Jumanne mchana kweupe. Watu wa siku hizi hawana adabu.

Mpishi akaja. Mrefu, mkono wote kachorwa tatuu za vitunguu. Akauliza gazeti gani. Nikajibu gazeti moja la Braga, hulijui. Akasema yeye kwao ni Braga, baba yake aliuza magazeti miaka thelathini, nilitaje. Nikasema naenda msalani.

Nimerudi nyumbani bila kofia. Felismina akauliza kofia iko wapi. Nikasema nimeigawa sadaka.

Jumatano, 8 Novemba

Siku mbaya. Abílio kaingia klabuni anameremeta kama viatu vya harusi. Eti kagundua mgahawa wa ishirini na saba, utumbo wake haujapata kutokea, na mpishi ni mwanamke, tena katoka mwenyewe kumsalimia. Nikauliza uko mtaa gani, bila pupa, huku nachanganya karata. Akacheka. "We Belmiro, wewe si ndiye mgunduzi? Gundua basi!"

Halafu akawaambia wote kwamba kesho anarudi huko kumwalika huyo mpishi kwenye sherehe yetu ya Mtakatifu Martino, Jumamosi, aje ale kastanha, zile njugu kubwa za kuchoma, na kuonja divai mpya. Karata zikanimwagika. Nikasema ni ubaridi wa vidole.

Ikiwa ni yeye? Ikiwa ni yeye, na Abílio akanitangulia kwa mdomo wake ule?

Alhamisi, 9 Novemba

Nimemfuata Abílio tangu saa nne asubuhi. Nimevaa koti la mvua la marehemu shemeji, linafika kwenye visigino. Kaingia duka la mikate, nikajibanza. Kaingia mahali pengine, nikangoja kidogo nami nikaingia, nikakaa, nikaomba utumbo. Kumbe ni kwa daktari wa meno. Nimeumbuka mbele ya wagonjwa sita.

Hatimaye kapanda kilima, kaingia kamgahawa kenye mlango wa kijani. Mimi nikakaa meza ya nyuma ya nguzo, nikaagiza utumbo. Sahani ikaja.

Karoti zimekatwa mshazari. Bizari nyembamba juu. Kijiko cha kwanza tu, macho yakanijaa maji. Ni yeye! Miezi minane nimekula upuuzi wa mji mzima na hamu yangu yote ilikuwa hii sahani, na mkono ulioipika. Chumvi imepungua, kama siku zote. Meza ya pili Abílio alikuwa anatangaza kwa sauti kwamba chumvi imekaa sawasawa kabisa. Hana ulimi yule.

Akatoka. Nywele zimezidi mvi, zinampendeza. Akapita meza ya Abílio kama hakuiona, akasimama kwangu. Akasema, "Bwana Belmiro! Alhamisi zote hizi! Nilidhani umekufa, mwenzio nikakuwashia mshumaa kanisani."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikasema nilikuwa na shughuli.

Akaniambia kuwa Abílio kamwalika Jumamosi, na bado hajamjibu. Akaniangalia. Akachomoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya karatasi ya meza. "Haya, andika. Leo nakusubiri hapahapa."

Nikashika kalamu. Nikaandika: "Chumvi kidogo ingefaa."

Alisoma polepole. Hakutikisa kichwa. Akachana kile kipande, akakikunja, akakitia mfukoni mwa aproni. Kisha akaenda meza ya pili, na nikamsikia Abílio akipiga makofi.

Jumamosi, 11 Novemba

Wamekuja pamoja. Yeye kavaa skafu ya kijani. Abílio anammenyea kastanha moja moja, huku akimsifia mpaka viatu. Nimekaa karibu na jiko la mkaa nikijidai moshi unaniumiza macho.

Felismina kaongea naye muda mrefu, kisha akaja kunishika sikio kama zamani. Kasema mimi ni mjinga wa kuzaliwa. Chumvi ya Bi Deolinda haijawahi kupungua, kila mteja atakwambia. Ilipungua kwenye sahani moja tu, yangu. Mara ya kwanza aliisahau kwa bahati mbaya, nikaandika, naye akapata sababu ya kutoka. Toka hapo akawa anaipunguza makusudi, miaka kumi na moja, maana vinginevyo ningekula na kuondoka bila neno. Juzi aliniona kupitia dirisha la jikoni kabla sijakaa, akaipunguza tena. Akanipa kalamu ili kwa mara moja niandike kingine.

Nimekwenda nje. Kulikuwa na baridi. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeamka mtu mpya. Somo limeniingia! Felismina anasema bado sijachelewa, kwenye sherehe Bi Deolinda alimuuliza mara mbili nimekwenda wapi. Alhamisi nitakuwa kwenye meza ya karibu na dirisha, nimenyoa, bila koti la shemeji. Na safari hii hakuna kubahatisha, maneno nayaandaa mapema.

Nimekaa asubuhi nzima na kalamu. Nimechana karatasi sita. Mambo ya chumvi nimeachana nayo kabisa, sitaitaja tena maishani mwangu. Saa sita kasoro sentensi ikaja yenyewe, nzuri, ya kutoka moyoni. Nimeinakili kwa mwandiko safi na kuitia mfuko wa shati:

"Maharagwe yangeiva zaidi kidogo."