Kofia ya Mbweha Ndani ya Sweta Langu

Jumapili, 30 Novemba

Baridi kali. Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani ya Alhamisi bado tunamla.

Hali ya Nyigu, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha mji wetu, ni mbaya. Wakimbiaji, wale wanaokabidhiwa mpira wapenye ukuta wa watu, walikuwa watatu. Wa kwanza ameumia goti. Wa pili kahamia chuo kingine. Wa tatu, Boone Hatcher, ana moyo wa simba na miguu ya kabati. Jana baba alizima redio katikati ya mechi. Hajawahi!

Lakini! Kendrell Mabry, mkimbiaji bora wa sekondari jimbo zima, anasoma shule yetu. Jumatano atachagua: sisi au Mbweha, mahasimu wetu. Hukaa mbele yangu darasa la kemia. Sijamwambia neno tangu darasa la nne.

Nitamwandikia.

Jumatatu, 1 Desemba

Barua tayari. Kurasa kumi na moja, majedwali sita! Nimethibitisha kwamba kwa Mbweha kuna wakimbiaji watano mbele yake kwenye foleni, ilhali kwetu angeanza siku ya kwanza. Nikaichomeka kwenye daftari lake la kemia.

Halikuwa lake, lilikuwa la mwalimu wetu. Mwalimu Odom amenirudishia barua ikiwa imesahihishwa: sabini na nne kwa mia. Ameandika kwamba hesabu ni safi, ila hajaona asidi popote. Tripp Sizemore, jirani yangu wa dawati na shabiki wa Mbweha, aliona kichwa cha barua akaniuliza posa naipeleka lini. Jibu zuri lilinijia saa kumi na moja jioni, nikiwa bafuni.

Jumanne, 2 Desemba

Bahati! Meza ya sherehe ya kesho, ya Kendrell kutangaza chuo chake, imekabidhiwa klabu ya maktaba, kwa kuwa ndiyo yenye kitambaa. Klabu ya maktaba ni mimi.

Utaratibu ni ule ule: kofia za vyuo hupangwa mezani, mchezaji akavaa ya chuo anachokwenda. Nimewaza sana. Kofia isiyokuwepo haivaliki!

Jumatano, 3 Desemba

Asubuhi niliingiza kofia ya Mbweha ndani ya sweta. Ukumbi wa michezo ukajaa pomoni. Kendrell akaketi na bibi yake, Bi Ozella. Mezani kofia moja tu, ya njano, ya Nyigu.

Kendrell akanyoosha mkono. Bi Ozella akaushika.

“Ngoja, mjukuu wangu. Kofia moja si kuchagua, ni kuchaguliwa. Hiyo ya pili isipoonekana, tunarudi nyumbani, na hawa Nyigu wakusahau.”

Watu wakainama kutafuta chini ya viti. Tripp akatangaza kwamba Nyigu tangu zamani ni wezi. Baba, safu ya tatu, amekuwa mweupe kama chaki. Bi Ozella akachukua mkoba wake, akasimama.

Nikasimama mimi pia. Ukingo wa kofia ukachomoza shingoni.

“Iko hapa,” nikasema.

Kendrell akanigeukia. “Orrin! Kumbe unaongea?”

Ukumbi mzima kicheko. Akaipokea, akaipindua, akaliona jasho langu, akaiweka mezani kwa ncha za vidole viwili. Bi Ozella akaketi. Kendrell akavaa ya njano.

YA NJANO! Baba amemkumbatia mtu asiyemjua.

Alhamisi, 4 Desemba

Kendrell aligeuka kwenye kemia, akaongea nami! Alisema aliamua tangu Julai, kwa kuwa nyumba ya Bi Ozella iko hatua mia tatu kutoka uwanjani na yeye hawezi kuishi mbali na kuku wake wa kukaanga. Alisema sweta langu nusura liharibu kila kitu. Akaniomba, kwa upole, nisirudie tena.

Mnyenyekevu sana. Ukweli uko wazi: nani angevaa kofia yenye jasho lile?

Boone na Kendrell ni wawili. Tunahitaji wa tatu. Mwakani yuko kijana wa kaunti jirani, mwepesi kama upepo, anayetakiwa na vyuo vinne, nasi tukiwamo. Yaani kofia tatu.

Nimemwomba mama sweta kubwa zaidi.